Nimechagua ndege ya kujenga, na sio ile niliyokuwa naiota

Wadau habari zenu. Miezi minne sasa nilikuwa na swali moja tu kichwani, safari hii nijenge ndege gani kubwa ya rimoti, na sasa nimelifunga. Jibu sio lile nililoanza nalo. Nataka niandike jinsi nilivyofika hapo kwa sababu najua sasa hivi kuna mtu yuko na picha ya boksi mbele yake, moyo unamdunda, anakaribia kulipia, na hakuna aliyemwambia aangalie kitu kingine zaidi ya ile picha. Mi ndivyo nilivyonunua ya kwanza.

Kwanza tuelewane nikisema kubwa namaanisha nini. Kipimo kinachotumika sana ni cha chama cha Marekani kinaitwa IMAA, wao wanasema ndege yenye bawa moja iwe na inchi 80 kutoka ncha hadi ncha, yaani sentimita 203, yenye mabawa mawili inchi 60, hiyo ni kama sentimita 152, au iwe imejengwa kwa robo ya ndege halisi na kuendelea. Sasa chukua Piper J-3 Cub, ile ndege ya njano ambayo karibu 20,000 zilitengenezwa, mabawa yake ya kweli ni mita 10.74. Robo yake inakuwa mita 2.69 na theluthi yake mita 3.58. Kwenye karatasi unaona ni tofauti ndogo tu, robo na theluthi ni nini bwana, lakini hiyo tofauti ndogo ndiyo imenila miezi miwili kati ya ile minne, ntafika huko.

Ndege yangu kubwa ya kwanza ilikuwa Fokker Dr.I ya robo, ile ya mabawa matatu, nyekundu, ya Manfred von Richthofen, rubani wa Kijerumani wa vita vya kwanza vya dunia. Nilivyoiona tu nikajua naitaka. Mabawa yake mita 1.80, ndogo kuliko Cub, nikajisemea hii hata kubeba itakuwa rahisi. Nilikuwa naandika masaa kwenye daftari, nikaimaliza kwa masaa 412, miaka miwili kasoro, jioni baada ya kazi na Jumapili, na kila saa niliipenda, hilo silijutii hata kidogo. Shida ilianza siku ya kwanza uwanjani. Mabawa matatu maana yake nguzo za kati, boliti ndogo ndogo unazishika kwa ncha za vidole huku mtu mwingine amekushikilia bawa la juu, kisha waya za servo (mota ndogo) za eleroni, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyolaza ndege upande, unaziunganisha huko juu, kisha unakagua tena kila kitu maana boliti moja ikisahaulika ndege yote imekwenda. Kuifunga dakika 50. Kuifungua 40. Ukija kumaliza upepo umeshabadilika, unakaa unaangalia bendera, mwisho unafungua ulichofunga na kurudi nyumbani. Mwaka mzima niliirusha mara 9.

Halafu kuna pua. Ndege nyingi za vita vya kwanza vya dunia zilikuwa na injini ya duara iliyozunguka yenyewe pamoja na propela, chuma kizito kimekaa mbele kabisa, ndo maana pua zao ni fupi, hazikuhitaji kuwa ndefu. Modeli yako haina chuma hicho. Ina injini ndogo nyepesi kwenye pua ile ile fupi, na mkia uko mbali kule nyuma unavuta chini, kwa hiyo ili ndege ikae kwenye balansi inabidi uongeze uzito mbele. Mi niliweka madini ya risasi gramu 900 ndani ya kava la injini. Gramu 900! Mzigo ambao hauvuti, haubebi, haufanyi kazi yoyote zaidi ya kukaa pale. Na ikitua magurudumu yako karibu karibu, ikianza kugeuka kwenye nyasi huizuii, ncha ya bawa la chini inalala chini. Baadae nilikuja kusoma kwamba hata ile halisi walifunga vijiti maalum chini ya ncha za bawa la chini, maana walijua zitagusa. Ilikuwa imeandikwa kwenye ndege yenyewe na mi sikuisoma.

Kwa hiyo safari hii nikaanza upande wa pili. Kabla ya kuangalia picha yoyote nikajiuliza hii ndege ikishaisha itaishi wapi, itasafirije, na itatua kwa kasi gani. Nikawa na nne kichwani: Mustang P-51 ya moja ya tano, ile ndege ya kivita ya vita vya pili vya dunia, Sopwith Pup ya robo, ya vita vya kwanza, Tiger Moth ya robo na Cub ya theluthi. Cub ya theluthi ndiyo niliyokuwa nalala nayo naamka nayo.

Mustang ilitoka mapema na nataka nieleze kwa nini, sababu hapa ndipo watu wengi wanaumia. Kuna hesabu moja ambayo kila anayejenga ndege kubwa inabidi aijue, na sio ngumu. Ukipunguza ndege urefu mara nne, eneo la bawa linapungua mara 16 lakini uzito unapungua mara 64, kwa sababu uzito unafuata ujazo. Cub halisi ikiwa imejaa ni kama kilo 553, gawa kwa 64 unapata kilo 8.6, huo ndo uzito wa modeli ya robo ikitaka kuruka kama mama yake. Na kasi yenyewe inapungua kwa kipeuo cha pili, yaani kwenye robo kasi inakuwa nusu. Cub halisi bawa linaacha kuibeba ikishuka chini ya kama kilomita 61 kwa saa, basi ya robo ni kama 30. Hiyo ni kasi ya baiskeli inayoteremka mlima, una muda wa kufikiri, una muda wa kurekebisha.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa Mustang. Mabawa mita 11.28, moja ya tano ni mita 2.26, inaonekana ndogo kuliko Cub ya robo, unajisemea afadhali hii. Lakini Mustang halisi yenye mzigo wake wa kawaida ni zaidi ya kilo 4,100, gawa kwa 125 inakuja kilo 33, wakati Marekani mpaka wa kawaida wa ndege za modeli ni pauni 55, kama kilo 25, na Ulaya pia utakutana na hizo hizo kilo 25. Bila shaka hakuna anayeijenga kwa kilo 33, watu wanaijenga nyepesi sana kuliko hapo, ila hata ukipunguza uzito ukawa nusu bado inahitaji kama kilomita 50 kwa saa isidondoke, na hiyo ni chini kabisa, kutua unakuja na kasi zaidi. Ongeza miguu inayokunja, flepu (vipande vya nyuma ya bawa vya kushusha wakati wa kutua), na bawa ambalo ukipunguza mwendo kupita kiasi linadondosha ncha moja bila kukupa taarifa. Mzee mmoja wa pale tunaporushia, mtu ambaye amejenga ndege tangu mi sijazaliwa, nilimuonyesha picha ya ile seti akaniuliza swali moja tu, "mwanangu, kutoka nyasi zinapoanza hadi miti ni hatua ngapi?" Nikaenda kuhesabu. Nikarudi, nikafunga ile picha. Ni ndege nzuri na kuna siku nitakuwa na uwanja wake.

Pup iliniuma kuiacha, aisee. Kwa wanaopenda kuruka taratibu sijui kama kuna ndege ya enzi zile inayoizidi. Tarehe 2 Agosti 1917 Edwin Dunning aliitua Pup juu ya meli ya HMS Furious ikiwa inatembea, mtu wa kwanza kufanya hivyo, na wenzake walikuwa wamesimama pale wakaishika kwa mikono. Fikiria ndege inayotua polepole kiasi kwamba watu wanaidaka! Modeli yake inarithi tabia hiyo, bawa kubwa uzito mdogo. Na Tiger Moth nayo, iliyoruka mara ya kwanza 1931, ina faida ambayo haisemwi sana, eleroni ziko kwenye mabawa ya chini peke yake, hivyo servo mbili tu zinatosha na waya za umeme haziendi bawa la juu. Pua ni ndefu kidogo kuliko hizi za vita. Picha za ndege halisi zipo za kila kona kwa sababu nyingi bado zinaruka, unaweza kuhesabu hadi misumari.

Lakini zote mbili zina mabawa mawili, nguzo, na waya za kukaza. Kuna njia za kurahisisha, kuna watu wanajenga bawa la juu na la chini la upande mmoja yakakaa kama sanduku moja unalichomeka kwa pamoja, na nilikaa wiki nzima nachora namna ya kufanya hivyo. Nikafungua daftari langu nikaona tena ile namba 9. Mi naenda kurusha asubuhi ya siku moja kwa wiki, upepo ukianza saa nne nimeshakwisha. Dakika 50 za boliti zinakula nusu ya asubuhi yangu. Nikaziweka pembeni, na naandika hapa wazi kwamba nilizipenda.

Ikabaki Cub ya theluthi.

Sasa hapa naomba yeyote anayechagua ndege kubwa afanye nilichofanya. Nilichukua teipu ya karatasi, ile nyeupe ya mafundi rangi, nikasogeza viti vyote ukutani nikachora Cub ya theluthi sakafuni kwa vipimo vyake. Mabawa mita 3.58, yakaanzia chini ya dirisha yakaishia mlangoni, ncha moja ikakunja ukutani. Bodi mita 2.28. Nikasimama pale kwenye mkia nikaangalia pua kule mbali, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kidogo, maana picha haijawahi kunionyesha hicho kitu. Mabawa sio tatizo, yanatoka vipande viwili, kila kimoja kama mita 1.79, unayalaza. Bodi haitoki vipande viwili. Nikakata kadibodi mita 2.28 nikaenda nayo kwenye gari. Nikalaza viti vya nyuma, nikalaza na cha mbele, nikaisukuma taratibu mpaka ikagusa kioo cha mbele, nikageuka, buti imebaki wazi na kadibodi imetokeza nje kama mkono mzima. Nikajaribu kuiweka kwa mshazari. Nikajaribu tena na tena kama vile kadibodi itafupika.

Nikaikata ikawa mita 1.71, bodi ya robo. Ikaingia, kiti cha mbele kikabaki na nafasi ya mtu kukaa, buti ikafunga na pakabaki upana wa kiganja. Nilikaa kwenye ukingo wa buti pale muda mrefu kidogo. Nilikuwa nimeshaiona akilini ile ya theluthi ikipita chini chini juu ya nyasi na sauti yake nzito, na ukweli ni kwamba ndege ikiwa kubwa zaidi inaruka vizuri zaidi, upepo hauisumbui, inatembea angani kama yenye watu ndani. Lakini ndege ambayo inahitaji kukodi gari kila Jumapili najua itarushwa mara ngapi kwa mwaka. Nimeshawahi kuwa na ndege ya hivyo.

Basi, Cub ya robo. Mabawa mita 2.69, kilo 8 hivi, bawa moja juu, kila upande unaingia kwenye bomba la alumini, nguzo mbili za chini, boliti nne, dakika 10. Na msimdharau mtu anayesema Cub ni ya wanaoanza, sio kweli. Ukiipa eleroni peke yake pua inaenda upande wa pili kwanza, kwa hiyo inabidi ujifunze kutumia usukani wa mkia kwa mkono wa pili kila kona, na nguzo za mabawa sio pambo, zinabeba, ukizisahau bawa linakunja. Nimewahi kuona likikunja la mtu mwingine. Sauti yake ni kama ubao unaovunjwa kwenye goti.

Baada ya kujua ndege gani ndo nikaanza kuangalia seti ya nani na ya aina gani, na hapa tena sio kitu kimoja. Kuna seti kamili, boksi lina mbao zote, fremu, mbavu za bawa, chuma za miguu, kava, hadi boliti. Kuna seti nusu, wanakukatia zile zenye umbo tu, mbavu na fremu, vijiti na mbao bapa unatafuta mwenyewe. Na kuna ramani peke yake, karatasi, kila kitu unakata kwa mkono wako. Kampuni ya Balsa USA kwa mfano wana Cub ya robo na ya theluthi kama seti. Kwa aliyejenga moja au mbili mi naona seti nusu inafaa sana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu moja tu, unachagua balsa, zile mbao nyepesi za kujengea, mwenyewe. Ramani nayo ina uzuri wake, haipotei sokoni. Hobbico, kampuni kubwa ya Marekani ya vifaa vya modeli, walipofilisika 2018 kuna seti kubwa ambazo watu walikuwa wanasema nitanunua mwakani, mwakani ikaja hazipo.

Hiyo ya kuchagua balsa ngoja nikae nayo. Kwenye Fokker yangu boksi lilikuja na mbao nzuri kwa macho, safi, nyeupe, na mi sikuzipima. Nilikuja kuzipima vipande vilivyobaki baada ya kumaliza, wakati natafuta kwa nini mkia ni mzito, nikakuta kuna mbao ilikuwa karibu mara mbili ya mwenzake wa ukubwa ule ule. Balsa ni mti, mmoja umeota haraka mwingine taratibu. Ubao wa milimita 3, upana sentimita 10, urefu mita moja, ukiwa mwepesi ni gramu 30 na ukiwa mzito ni gramu 60 na bado vyote viwili vinaitwa balsa na vimekaa kwenye boksi moja. Ukitumia ule wa 60 nyuma, umejinunulia risasi ya mbele wewe mwenyewe.

Kitu kingine kabla ya kulipia, omba uone ramani, au picha za mtu aliyeijenga. Angalia injini inafungwa wapi na tenki la petroli linatolewa vipi siku likivuja, kama jibu ni kukata ndege basi hilo ni jibu. Angalia servo za mkia zinakaa wapi, zikikaa nyuma kabisa ujue hesabu ya balansi imeshaanza vibaya. Angalia mlango wa betri una ukubwa wa mkono wako au wa mtoto. Mbavu zimekatwa kwa leza au zimepondwa na kisu cha mashine, zile za kupondwa kingo zinakuja zimesagika na unakaa na msasa jioni nzima.

Na bajeti, seti ni mwanzo tu. Injini ya petroli, kwa Cub ya robo watu wengi wanaweka kati ya cc 20 na 40, servo zenye nguvu, risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti), betri mbili za risiva na swichi mbili ili moja ikifa nyingine ipo, betri ya injini ikae peke yake na vifaa vyake vya cheche vikae mbali na risiva, angalau sentimita 30, na swichi ya kuzima injini kutoka kwenye rimoti. Hii ya mwisho sitanii nayo. Kilo 8 zenye propela ya mbao inayozunguka ni kitu cha kuua mtu, na kama pesa haitoshi kwa hiyo swichi basi ndege isubiri mwezi mwingine.

Nimechukua seti nusu. Ilifika juzi, na jana kabla ya kukata chochote nimekaa sakafuni na mizani ya jikoni nimepima kila ubao nilionunua, nikaandika gramu zake kwa penseli kwenye kona. Wa mwepesi kabisa ulikuwa 31, mzito 57. Zile nyepesi nimeziandikia M ya mkia, kwa sababu gramu moja kule nyuma inataka gramu tatu au nne mbele. Zile nzito zitaenda sakafu ya kabini na chini ya injini ambako ugumu unahitajika na uzito hauna shida.

Ramani nimeibandika mezani, juu yake nimetandika plastiki gundi isishike karatasi. Ninaanza na mkia, kila mtu ana utaratibu wake lakini mi napenda kuanza huko, vipande ni vidogo na mkono unapata kuzoea tena. Eleveta ya kushoto, kile kipande cha mkia kinachopandisha na kushusha pua, imelala pale na pini zake, inakauka.